Kichwa cha Kumi na Tano

Mwavuli ulikuwa mpya, mwekundu, na mpini wake una filimbi. Marjina hakuugusa.

“Ni wa mtoto,” Mwalimu Thankamani akasema, amesimama kwenye matope mbele ya safu ya vyumba vya wafanyakazi, sari kaikunja isilowe. “Na begi hili. Basi litampitia hapahapa mlangoni. Mchana atakula wali na yai. Yote bure.”

“Bure,” Marjina akarudia, kama mtu anayeonja maziwa ajue kama yamelala.

Miaka minne alikuwa Kerala, kusini mwa India, tangu mumewe Mostakim aliposema kwao Murshidabad, Bengali, ardhi imekwisha na ndugu ni saba, wakaja hapa Perumbavoor kiwanda cha plaiwudi. Katika miaka hiyo, kitu pekee alichopewa bure na wenyeji ni jina: Wabengali. Waliitwa hivyo wote wa kutoka kaskazini, hata jirani yake Kuntala, ambaye ni mtu wa jimbo la Odisha na akiitwa Mbengali hununa mpaka jioni. Leo mwalimu mzima anabembeleza kwa mayai! Kuna nini?

“Nipe cheti chake cha kuzaliwa nikamwandikishe.”

Mkono wa Marjina ukaruka kiunoni, alipofunga karatasi zao zote ndani ya nailoni. “Hakiondoki. Andika hapa, mbele ya macho yangu.”

Mwalimu akachutama matopeni, daftari gotini, akaandika: Tuhina Khatun, miaka sita. Alipoinuka alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililomharibia Marjina usingizi.

Kesho yake, Kuntala alipoona mwavuli umetundikwa, alicheka kicheko kibaya.

“Kumbe na wewe umeshapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa! Mwaka jana walimjia Babula wangu. Mwavuli, begi, basi mlangoni. Siku sita. Ya saba tukasimama na mtoto wangu hapa barabarani hadi saa nne. Basi kimya mpaka leo.”

“Kwa nini siku sita?”

“Siku ya sita ya masomo anakuja afisa kuhesabu vichwa, mwenzangu. Darasa likikosa kumi na tano linafutwa, na mwalimu wake anahamishwa. Wakishahesabiwa, nani ana haja na Babula?”

“Wao hawana watoto?”

“Watoto watoke wapi? Si unasafisha nyumba ya yule mzee? Vyumba sita, watu wawili. Wanazaa mmoja, akiota ndevu anapanda ndege. Sisi tunazaa, wao wanahesabu!”

Marjina hakucheka. Yeye hajui kusoma. Kwenye mabasi ya mjini anashuka kwa kuhesabu vituo kwa vidole, na siku dereva akiruka kituo, hupotea na vitunguu vyake. Alichotaka duniani ni Tuhina asihesabu vidole. Sasa kumwonjesha mtoto shule siku sita kisha kumpokonya, bora asionje kabisa. Lakini je, kama Kuntala ana uchungu wake tu? Akaamua kumwachia aende, ila kwa kumchunguza.

Kila jioni akamhoji kama polisi. Wamekupiga? Hapana, Ma. Umekula? Nimekula, na yai hili nimekuletea. Umekaa na nani?

“Na Sabitri, na Rustam, na mtoto wa kutoka Assam. Watoto wa hapahapa ni watatu tu.”

Watatu! Wenyeji wa shule wenyewe hawaileti damu yao shuleni! Mpishi akipakua chakula asikionje, mgeni mwenye akili hunawa mikono akaondoka. Na Marjina alijua jambo ambalo Mwalimu Thankamani hakujua kuwa analijua. Nyumba ya mzee anayoisafisha inatazamana na ya mwalimu. Tangu shule zifunguliwe, kila asubuhi alimwona mjukuu wake mwalimu, Nivedya, mtoto wa miaka sita vilevile, katoka na tai na soksi nyeupe, akapanda basi la njano la shule ya Kiingereza. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, lakini nyoka huyu wa Murshidabad alikuwa ameshaona fimbo.

Siku ya sita basi likapiga honi. Marjina akaweka komeo.

“Ma, basi!” Tuhina akalia, begi mgongoni. “Ma, litaniacha!”

“Liache likuache leo, lisikuache kesho.”

Basi likaondoka. Mtoto alilia mpaka akapata kwikwi, na Marjina naye machozi yakamtoka, lakini mkono haukutoka kwenye komeo.

Haikupita nusu saa, bajaji ikasimama nje kwa breki kali. Mwalimu akashuka bila mwavuli.

“Mama Tuhina! Fungua, binti yangu. Anaumwa?”

“Haumwi.”

“Ayyo! Basi nini? Afisa anafika saa nne. Mmoja kaondoka jana na wazazi wake kurudi Odisha, wako umemfungia. Nina kumi na watatu!”

Marjina akafungua mlango upana wa uso wake. “Mwaka jana Babula alisimama hapo ulipo. Basi lenu lilikufa?”

Milango ya jirani ikafunguka. Kuntala akatoka kabisa, mikono kiunoni.

“Dereva aliacha kazi,” Mwalimu akasema. “Mwalimu mkuu akanyamaza, nami nikanyamaza. Ni aibu yangu. Safari hii basi litakuja mpaka Machi, mwaka wa shule uishe. Nitakuandikia, nitie sahihi.”

“Uandike nisome na nani? Mimi siwezi, na mwanangu mmemfundisha herufi tatu.”

“Sasa unataka nini?”

“Nivedya anasoma wapi?”

Mwalimu alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Kuntala akapiga kofi. “Hapo sasa!”

“Mama yake yuko Doha,” mwalimu akasema taratibu. “Ndiye aliyemchagulia ile shule. Anataka Kiingereza, mtoto aje kumfuata huko.”

“Kwa hiyo yenu ni ya watoto wasio na pa kwenda.”

“Sikusema hivyo.”

“Miguu yake imesema, Mwalimu. Mimi naiona kila asubuhi ikipanda basi la njano. Mlete akae benchi moja na wangu. Siku basi lisipokuja kwangu, lisije na kwako. Hiyo ndiyo sahihi ninayoweza kuisoma.”

Mwalimu akatazama saa. Akatazama Tuhina, aliyekuwa kashika filimbi ya mwavuli bila kuipuliza. Kisha akatoa simu, na hapo mlangoni, mbele ya watu wote, akampigia binti yake Doha, ambako kulikuwa kunapambazuka. Sauti ya usingizi ilitoka, kisha sauti ya kuzomea. Hawakuhitaji kusikia maneno ili kuelewa. Mwalimu aliisikiliza mpaka ikachoka.

“Nimefundisha shule ile miaka ishirini na sita,” akajibu. “Wewe mwenyewe ulisoma pale, ukafika Doha. Lala, mwanangu.” Akakata.

“Mtoto bado yuko nyumbani, basi lake halijapita,” akamwambia Marjina. “Twende wote kwenye bajaji tukamchukue. Ushuhudie nikimwandikisha.”

Saa nne afisa alihesabu kwa ncha ya kalamu, na Marjina akasimama dirishani akihesabu naye kwa vidole. Vidole vilipokwisha akaanza upya. Cha kumi na nne, Tuhina. Cha kumi na tano, Nivedya, na tai yake ya shule nyingine, macho mekundu.

Siku ya saba mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kuntala alisimama kwenye baraza na Babula aliyechanwa nywele, naye akingoja basi. Marjina alimshika Tuhina mkono kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Basi likaja.

Hakumwachia. Alipanda ngazi ya kwanza, maji yakimchuruzika, akachungulia. Kiti cha mbele alikaa Nivedya, kanuna.

“Bibi anasema wewe ndiye uliyenileta humu,” mtoto akamshtaki.

“Ni mimi,” Marjina akasema, na ndipo akauachia mkono wa Tuhina. “Sogea, wapishe wenzio. Wako wawili.”