Vya Zamani Vinabaki kwa Fundi

Gerejini pale neno kubwa lilikuwa moja tu: inaingia. Mlango wa toleo jipya kwenye gari la zamani? Unaingia. Taa za mbele? Zinaingia, ila ubadilishe na bampa, maana kona zake zimekatwa vingine. Sanduku la gia? Hapo fundi alikuna kidevu kwanza. "Linaingia, lakini litakutoa jasho."

Taratibu, dereva aliyebatizwa jina hilo kwa sababu ya mwendo wake, hakuwa mtu wa kupenda mabadiliko. Lakini mwanamke mwenye kampuni ya magari ya harusi alimwambia bila kumung'unya maneno: msafara wake ni wa magari meupe yanayofanana, na gari la Taratibu lilikuwa la toleo la nyuma, lenye sura ya nyuma. Abadilishe au akatafute riziki kwingine. Tena hakutaka sura ya nje peke yake. Viti vya wenzake vilikuwa vyeusi, vya Taratibu vilikuwa rangi ya udongo, na maharusi siku hizi wanapiga picha milango ikiwa wazi.

Fundi alikuwa na gari jipya zaidi la aina ileile, lililogongwa kwa nyuma likafyata mkia, huku mbele na viti vikiwa vizima. Wakakubaliana kuhamisha vitu. "Vya zamani vinabaki," fundi akasema, na ndiyo desturi ya magereji: kinachofunguliwa ni mali ya fundi, isipokuwa mwenye gari aseme mapema. Taratibu akaitikia kwa kichwa. Mawazo yake yalikuwa kwenye taa na bampa. Laiti angekuwepo mtu wa kumkanyaga mguu.

Maana kiti cha mbele cha abiria kilikuwa cha mkewe. Alipougua nyonga, Taratibu ndiye aliyempeleka hospitali na kumrudisha, wiki baada ya wiki, mgongo wa kiti ukiwa umelazwa. Mama wa watu alikaa upande upande kukwepa maumivu, na kwa kuwa alikuwa mnene, sponji ikabonyea upande ule, pakafanyika bonde. Alipofariki, bonde likabaki. Abiria wakawa wananung'unika kwamba kiti kinawavuta mlangoni. Binti yake mwenyewe alikuwa hakikalii, akipewa lifti anakwenda nyuma, na kila mara anasema, "Baba, hicho kiti kitoe tu. Kinanikosesha raha." Taratibu hakubishana naye. Ila alipokuwa peke yake kwenye foleni, mkono wake wa kushoto ulikuwa na mazoea ya kwenda kupumzika mle bondeni, na mwenyewe hakuwahi kulifikiria jambo hilo kuwa ni kitu.

Gari lilitoka gerejini linang'aa. Binti alilizunguka akasema baba yake amerudia ujana, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akakaa mbele. Harusi ya kwanza ikapita salama, mwenye kampuni akatabasamu, jambo ambalo kwake si la kila siku.

Ni wakati wa kurudi nyumbani, taa zimemzuia njia panda, mkono ulipokwenda zake kushoto. Ukakuta kiti kigumu, kimejaa, sawasawa kila upande. Taratibu akaupapasa kwanza upande wa mlango, halafu upande wa pili, kama mtu aliyepoteza funguo. Kisha akalia. Siku ya mazishi hakulia hivyo, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na wageni wa kuwatafutia pa kukaa. Taa ziliruhusu, na magari ya nyuma yakaanza kumpigia honi.

Asubuhi alikuwa gerejini kabla fundi hajavaa ovaroli.

"Kile kiti changu cha kushoto, ndugu yangu."

"Kile kimeshapata mwenyewe, mzee. Kuna mwalimu ana gari kama lako lilivyokuwa, kiti chake kilikatika reli. Chako kimekaa utadhani kilizaliwa humo." Fundi akamtazama usoni, na utani ukamwisha. "Mbona hukuniambia? Ungesema tu neno moja, ningekuwekea."

Hilo ndilo lililomkata maini, kwamba ilikuwa ni suala la neno moja.

Akaelekezwa nyumba ya mwalimu, nyuma ya mashine ya kusaga unga. Njiani akapiga moyo konde. Angempa kiti cheusi, kipya, kizima, achukue chakavu chake. Nani angekataa biashara ya hivyo? Mwenye kampuni akichukia, abaki na harusi zake.

Mwalimu alikuwa kijana, anaosha gari uani, suruali imekunjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa na hicho kiti."

Mwalimu akaacha kitambaa kwenye ndoo. "Kuna tatizo? Mimi nilimalizana na fundi."

"Hakuna tatizo. Nilikuwa nataka tu..."

"Basi njoo ukione," mwalimu akasema, pumzi zimemrudi, akafungua mlango haraka. "Si unakumbuka kilivyokuwa kimebonyea? Mke wangu alikikalia siku moja tu, akasema kinamwangusha. Juzi nimempa fundi wa viti, ametoa sponji yote, ametia mpya. Kiguse, mzee."

Taratibu akakigusa. Kilikuwa kimejaa, sawasawa kila upande.

"Na sponji ya zamani?"

"Nadhani waliichoma na takataka zao. Ilikuwa imekwisha kabisa."

"Ni kweli," Taratibu akasema. "Ilikuwa ya siku nyingi."

Mke wa mwalimu akatoka ndani na mkoba wa kazini, akamwamkia, na aliposikia mgeni ni nani akamshukuru kwa kiti. Akaingia, akakaa wima kabisa, akitabasamu. "Ulikuwa unataka kutuambia nini, baba?" akauliza.

Taratibu akainama, akaliweka ndani pindo la gauni lake lisibanwe, akamfungia mlango polepole. Kisha akasema ana harusi ya kuwahi, akaenda zake.