Kompyuta ya Tuli Siku ya Arobaini

Hapana, umeme haukukatika. Hayo wanayasema watu wa mtaani ili kumstahi. Siku ile umeme ulikuwepo tangu asubuhi, jambo ambalo hapa mjini kwetu Khulna si la kawaida, na mimi jirani yao nilikuwepo, namenya vitunguu. Mokhles ndiye aliyekosea. Au tuseme mikono yake.

Mokhles si unamjua, fundi kompyuta, yule mwembamba wa kibanda cha stesheni. Miaka ishirini na sita anafungua mashine za watu. Bintiye Tuli, mtoto wa pekee, alikuwa na kazi Dhaka. Homa ya dengi ikamchukua kwa siku tano. Simu yake ikapotea hospitalini. Wazazi wakaletewa mfuko wa nguo na kompyuta yake ya mpakato, na hiyo kompyuta ilikuwa imelala tu, haijazimwa. Kitaa chake kinawaka, kinafifia, kinawaka. Picha zote za miaka miwili ya Dhaka zimo humo.

Sasa, Mokhles alinieleza mara tatu ndipo nikaelewa, maana mimi shule niliishia darasa la tatu. Diski ya mashine ile ina kufuli ndani yake yenyewe. Mashine ikilala, diski inajifunga, lakini ufunguo unabaki kwenye kumbukumbu ya mashine, umeshikiliwa na umeme kidogo wa betri. Ukiiamsha inajifungulia, haikuulizi kitu. Ikizimika kabisa, hata sekunde moja, ufunguo umefutika. Hapo lazima neno la siri, na neno la siri kaenda nalo Tuli.

"Si uiamshe leo unakili picha, yaishe?" nikamwambia.

"Mama Tuli hataki, mzee. Anasema moyo wake hauwezi mpaka arobaini ipite."

Basi Rahela, mkewe, akailinda. Betri ya mashine ilikuwa imechoka, kwa hiyo umeme wa mtaa ukikatika anakimbia kuiunganisha na betri kubwa ya nyumba, feni zote anazima, watu wanalowa jasho. Dada yake akamchokoza, "Mwenzetu una mgonjwa wa dripu humu ndani?"

"Ninaye," Rahela akajibu. "Wewe ukisikia joto, kakae uani."

Arobaini ikafika. Dua imesomwa, masufuria ya wali na nyama yameiva. Rahela akasema, "Baba Tuli, iamshe sasa. Nimwone kabla hatujala."

Mokhles akabonyeza. Feni ya mashine ikaunguruma, kioo kikabaki cheusi.

"Waya wa kioo umelegea," akasema. "Kitu kidogo."

Kibandani alikuwa na kioo kingine, angekichomeka pembeni tu bila kuifungua mashine. Lakini kibanda kiko mbali, na watu wana njaa. Rahela akaenda kuwatuliza wageni. Mokhles akaipindua mashine, akaanza kulegeza skrubu.

"Leo naifungua ikiwa hai, mzee," akaniambia. "Betri haiguswi."

Alijua, unaona. Ila mafundi wote wa stesheni aliwafundisha yeye: chomoa chaja, toa betri, ndipo uguse kitu. Mfuniko ulipotoka, shemeji yake akachungulia mlangoni. "Tupakue?"

"Dakika moja, dada," akasema, shingo kaigeuza kwake. Mikono ikabaki peke yake. Wa kushoto ukachomoa chaja. Wa kulia ukang'oa betri.

Feni ya mashine ikazima. Nilimwona akiangalia kile alichokishika kama mtu anayeangalia kitu cha mwenzake.

Betri aliirudisha, lakini wapi. Akakaza na ule waya. Kioo kikawaka safi kabisa, kisanduku cheupe katikati, kinataka neno la siri. Akajaribu jina la Tuli. Akajaribu la Rahela. Kisha akaweka mikono magotini.

Rahela alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini.

"Mama Tuli," Mokhles akasema.

"Nimeona."

Akatoka. Nikadhani kaenda kulia. Akarudi na jagi, beseni na sabuni, akapiga magoti mbele ya mumewe, akammiminia maji mikononi. Akamsugua kidole kimoja kimoja, hata chini ya kucha, polepole, kama unavyomnawisha mtoto. Mokhles analia, mikono kamwachia.

"Watu wana njaa, Baba Tuli."

Tukatoka. Shemeji akasogea, wakapata nafasi mkekani. Rahela akampakulia yeye kwanza, akakaa pembeni yake, akamwangalia mpaka akala tonge la kwanza. Ndipo na sisi wengine tukanyoosha mikono.