Kitabu Chenye Picha za Kwetu

Vitabu vilikuwa viwili, na ilibidi kimoja kishinde. Wafadhili wa shule ya wauguzi huko Kavimvira walikuwa wamekubali kununulia darasa zima kitabu cha kujifunzia upimaji wa mgonjwa, lakini kimoja tu, na mkurugenzi Frédéric alitaka uamuzi siku hiyohiyo. Wakaketi watatu ofisini mwake: yeye, Akram aliyefundisha magonjwa, na Generose, mwenye somo lenyewe. Miaka yote Generose alikuwa akiwafundisha vijana kumtazama mgonjwa, kumpapasa, kumgonga kwa vidole na kumsikiliza, bila kitabu chochote. Walinakili ubaoni, kisha wakapimana wao kwa wao, wazima wa afya, wakitafuta magonjwa ambayo hawakuwa nayo.

Kitabu cha kwanza kilitoka Ufaransa. Kilikuwa kinene, karatasi zake zinang'aa, na wagonjwa wake wote walikuwa Wazungu.

"Angalieni hapa," Akram alisema. "Ati, tafuta wekundu wa ngozi. Batoto yetu watatafuta wekundu mpaka kiama. Mugonjwa amekufa, wao wangali wanatafuta."

Frédéric alicheka. Generose naye alicheka, maana ilikuwa kweli.

Cha pili kiliandikwa na daktari Mbelgiji aliyezunguka sana pande hizi zamani. Humo mlikuwa na ngozi nyeusi kila ukurasa: macho ya manjano, viganja vilivyopauka, miguu iliyovimba. Generose alisoma mahali alipoeleza namna ya kuweka mkono tumboni na kumngoja mgonjwa avute pumzi, akajiambia kwamba hajaona jambo hilo likielezwa vizuri namna hiyo. Akafunua ukurasa uliofuata.

Mwanamke alikuwa amelala chali juu ya kitanda cha chuma, uchi mpaka chini ya kitovu. Tumboni alikuwa amechorwa mstari wa kalamu kuzunguka wengu uliovimba toka mbavu za kushoto hadi karibu na nyonga. Macho yalizibwa kwa utepe mweusi. Chini paliandikwa: mkulima, bonde la Ruzizi. Mkono wake wa kulia ulijaribu kusitiri titi, na kidole cha mwisho kiliishia kwenye kiungo cha kwanza, pale mundu ulipokipitia wakati wa kuvuna mpunga. Begani palikuwa na kovu la moto. Generose alibebwa na mkono ule, akalishwa nao. Alikuwa mama yake.

"Mimi naona hiki," Frédéric alisema. "Ama namna gani, Mama Generose? Somo ni lako."

Picha ilikuwa wazi mezani, katikati ya wanaume wawili na vikombe vyao vya chai. 

"Huyu wamemwacha uchi," Generose alisema.

"Macho yamefunikwa. Hakuna muntu atamujua," Akram alisema.

"Kweli," Generose alisema. "Hakuna."

"Basi?" Frédéric aliuliza.

"Hicho cha pili."

Jumapili, baada ya Misa, alipanda gari la Luberizi, kijijini kwao. Mama yake, Kaneza, alikuwa uani akipepeta mchele. Wengu ule ulikuwa umepungua zamani, kwa dawa za masista wa zahanati. Generose alikaa kwenye kigoda, akazungumza juu ya mvua na bei ya mbolea, mpaka maneno ya kujifichia yakamwishia.

"Mama, kuna Mzungu aliwahi kukupiga picha?"

Ungo ulisimama. "Nani alikuambia?"

"Nimeiona. Iko mu kitabu cha shule."

Kaneza aliweka ungo chini. "Alisema inakwenda Ulaya, kwa watu wanaotengeneza dawa. Wakiona tumbo langu, watanitumia. Nikavua, kwa sababu ya dawa. Nilikuwa naenda kwa masista kuuliza kama imefika, mpaka mmoja akachoka na minye, akanifukuza." Akapangusa pumba mikononi. "Niko uchi mule?"

"Ndiyo, Mama."

"Mpaka wapi?"

Generose alionyesha kwa mkono juu ya kitenge chake mwenyewe.

"Baba yako alikufa bila kujua," Kaneza alisema. "Jina langu wameandika?"

"Hapana."

"Hata jina." Generose hakuweza kutambua kama ni ahueni au ni jeraha jingine. "Na hicho kitabu, watakisoma?"

"Ni kitabu kizuri, Mama. Kitasaidia wagonjwa wengi."

"Sikuuliza uzuri wake."

"Watakisoma. Tumekichagua."

"Nani na nani?"

"Direkta na mwalimu mwenzangu. Na minye."

"Uliniona, ukakubali."

"Mama, kama ningesema ni weye..."

"Ungeona haya mbele ya hao wawili. Sasa minye nitavuliwa mbele ya darasa kila mwaka, ili weye usione haya."

Jumatatu asubuhi Generose aliingia kwa Frédéric, akasema yote akiwa amesimama. Frédéric alivua miwani, akampa pole ya kweli. Lakini barua ilikuwa imekwisha kuondoka, na wafadhili hawa si watu wa kuandikiwa mara mbili. Vitabu vilipofika, Generose na Akram walishinda maktabani wakibandika karatasi nyeupe juu ya picha ile, nakala baada ya nakala.

Juma halikuisha. Kilichofichwa ndicho kilichotafutwa kwanza. Wanafunzi walizibandua karatasi kwa maji na wembe, wakapitishiana, wakampa yule mwanamke jina: Mama Wengu. Generose alilisikia barazani, likifuatwa na kicheko, akaendelea kutembea. Mitihani ilipofika, walipima tumbo vizuri kuliko darasa lolote lililotangulia.

Mwisho wa masika Kaneza alishikwa na homa. Generose alifika Luberizi akamkuta amelala, amejifunika kitenge mpaka shingoni, midomo imekauka. Alinawa mikono, akaipasha joto kwa kuisugua, akapiga magoti kando ya mkeka ili amshike tumbo.

Kaneza aliikaza ncha ya kitenge.

"Nimemwita muuguzi wa kituo," alisema. "Anakuja."

Generose akarudisha mkono wake, akakaa pembeni, akamngojea muuguzi.