Mkono Ulioshika Kibao

Mwaka ule wa hamsini na tano, serikali ya Wabelgiji ilitaka wanaume kumi na wawili wa Kabambare waende machimboni Salamabila kwa miaka mitatu, kila mmoja na karatasi yenye picha yake. Wapende wasipende. Kassimu, mpiga picha wa Kasongo, akaitwa. Alikuja kwa baiskeli siku mbili nzima, kamera ameifunga mgongoni kwa kitenge cha mkewe, na kikapuni dawa za kusafishia picha na filamu moja tu ya picha kumi na mbili.

Amri za bwana ajenti, Mbelgiji aliyesimamia kazi hiyo, zilikuwa fupi: mtu mmoja picha moja, mikono ubavuni, kibao cha namba kining'inie kifuani kwa kamba. Kassimu alizisikiliza akakunja uso. Yeye alizoea kupiga watu wakiegemeana, wakitaniana, mmoja akimwondolea mwenzake uzi begani. Kumtia mtu namba kama gunia la pamba kulimchefua, na alilisema hilo waziwazi mbele ya Zéphirin, polisi aliyewekwa pale kuwachunga.

Wa kwanza alikuwa Marcellin, aliyeoa mwezi uliopita tu. Mkewe Mathilde akatoka kando akamjia Kassimu.

"Baba, utupige foto sisi wawili. Mu nyumba hakuna hata foto yake moja. Akienda, nitaangalia nini?"

"Amri inakataza," Zéphirin akadakia. "Mutu mumoja, foto moja."

Kassimu akamtazama Marcellin na ile kamba shingoni, kama mbuzi wa sokoni. Akatoa kisu, akaikata kamba vipande vinne.

"Kamba imekatika," alisema, macho makavu. "Amri inasema mikono ikae ubavuni. Sasa polisi, kibao nani atashika?"

"Nitatafuta kamba ingine."

"Nenda. Hawa watu nitakuchungia."

Zéphirin aliutazama msitu ulivyo karibu, akawatazama wanaume kumi na wawili wasiotaka kwenda. Hakuondoka.

"Basi mama ashike. Lakini asionekane."

"Hataonekana. Ni mukono tu. Mukono haiko mutu."

Mathilde akasimama pembeni, akanyoosha mkono, akakishika kibao, vidole vikipita ukingo mpaka kugusa namba. Marcellin, aliyenuna tangu alfajiri, akacheka. Kassimu akapiga hapo hapo.

Mstari mzima uliona. Huyu akamwita mama yake, yule dada yake, mwingine bintiye mdogo aliyelazimika kusimama juu ya kinu. Hippolyte, wa mwisho, hakuwa na ndugu hata mmoja. Kibao chake alikishika Zéphirin mwenyewe, huku akinung'unika.

Usiku Kassimu alisafisha picha, mbili mbili: moja ya serikali, moja ya mwenye mkono. Za wenye mikono alizigawa kabla jua halijachomoza.

Ajenti alipoziona za serikali, alitaka mkasi.

"Hii mikono yote nitaikata."

"Kata, bwana," Kassimu alisema. "Lakini vidole viko juu ya namba. Ukikata mukono, unakata na namba. Na karatasi bila namba haiko karatasi."

Nje lori lilikuwa limeshawashwa, na filamu ya kupiga upya haikuwapo. Ajenti aliigeuza picha ya Marcellin huku na huku, mkasi wazi, akitafuta pa kupitia. Hakupapata. Akagonga mihuri kumi na miwili kwa hasira, na lori likaondoka na watu na mikono yao. Mathilde alilisindikiza mpaka kwenye kona, picha yake ameiweka kifuani ndani ya nguo.

Ndipo ajenti akadai kibali cha Kassimu cha kupiga picha. Kassimu alijua kuwa hapo ndipo kazi yake ya miaka tisa inapoishia, na iliuma. Akakitoa, akakilaza mezani, akausogeza mkasi karibu.

"Hii haina mukono wa mutu, bwana. Kata unavyopenda."