Mtetemo Uliohamia Kitale

Uvumi wenyewe ulikuwa hivi: ile saa nyeusi ambayo Edah wa maharagwe aliivaa mkononi haikuwa inapima mtetemo wake, ilikuwa inauhamisha. Ati mtetemo unatoka kwake Chwele, unapita kwa simu, na yule anayeupokea upande wa pili ndiye anaanza kutetemeka. Phelista wa vitunguu ndiye alileta habari hiyo, siku ya soko, akiwa amekalia gunia la Edah na kula mandazi yake mwenyewe.

"Mimi sisemi ni kweli, Mama Nangila. Nasema tu vile watu wanasema."

Edah alicheka, akaendelea kuuza. Lakini uvumi haukumtoka. Akienda kuteka maji, uko. Akifunga macho aombe, uko. Aliyekuwa anapokea upande wa pili, kule Kitale, alikuwa Nangila, mtoto wake wa kuzaa.

Nangila alifanya kazi na kijana mmoja, Kipngetich, katika chumba nyuma ya duka la mbegu. Walikuwa wanatengeneza vifaa vya kukaa nyumbani kwa watu wenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Kulikuwa na saa ya mkononi, na mkeka wa kando ya kitanda wa kusikiliza vile mtu anavuta miguu. Daktari humwona mgonjwa mara chache kwa mwaka, na siku hiyo mkono unaweza kutulia kama mtoto mtundu mbele ya wageni. Nangila alitaka kifaa cha kuona zile siku zingine zote. Saa ya kwanza alimvisha mama yake.

Saa ilifanya kazi. Kila jioni jua likishuka ilituma mtetemo wa siku nzima mpaka Kitale, na mkono wa Edah ukabaki mtupu, umelala mapajani hadi asubuhi. Mumewe, Eliakim, alizoea. Kazi za sindano aliziweka hadi jioni.

"Si umeshatuma?" angeuliza. "Basi nishonee hii kifungo."

Edah alipomwambia anaenda Kitale kumwona mtoto, Eliakim alimuuliza kama ni mgonjwa.

"Hiyo ndiyo naenda kuangalia. Mimi hata nitetemeke mpaka kaburini, ni sawa. Bora isiwe mkono ya mtoto."

Alifika kwa pikapu ya kabichi, hadi chumba kile cha nyuma ya duka. Hakusalimia vizuri. Alikaa, akaomba chai, na Nangila alipoinua chupa yeye akakodolea macho mkono ule.

"Mama, mbona unaniangalia kama mwizi?"

"Mimina tu. Jaza."

Nangila alijaza mpaka ukingoni. Hakuna tone lililomwagika. Edah aliomba kikombe cha pili, na cha tatu, na vyote akavinywa.

Jua liliposhuka, saa ilituma kama kawaida, ingawa safari yenyewe ilikuwa ya kutoka kitini hadi dirishani. Hapo dirishani kulikuwa na gorogoro tupu, ule mkebe wa kupimia nafaka, nayo ikaanza kugongagonga ukuta.

"Hiyo ni yako, mama," Nangila akasema. "Mwanzo ilikuwa inasambaa tu humu ndani, inaangusha vikombe. Nikaitafutia chombo."

Edah aliweka kiganja juu ya bati. Aliutambua mtetemo wake vile mtu anatambua ng'ombe wake mnadani. Jirani, mama mmoja anaitwa Jeruto, aliingia na unga wa wimbi na chekecheke, akaliweka juu ya gorogoro, na unga ukashuka laini bila mtu kushika.

"Asante, mama," alimwambia Edah akitoka. "Mkono yako ni safi sana."

Kipngetich alikuwa ameinamisha pua juu ya mkebe.

"Ya asubuhi ni ya pole," alisema. "Hii ya mchana ndiyo kali, na inanuka maharagwe. Mama, dawa ya mchana unameza na nini?"

"Na maharagwe. Si ni yangu? Nipike nini ingine?"

Walimpigia daktari. Daktari alisema kwamba dawa hiyo na maharagwe hugombania mlango mmoja tumboni, na maharagwe hushinda. Ameze dawa kwanza, akae kama saa moja, ndipo ale.

"Hukuwa umeambiwa?" Nangila aliuliza.

"Labda niliambiwa. Huko laini ni ndefu, mimi husema tu 'sawa daktari' nitoke."

Edah akarudi Chwele, akameza hivyo. Mchana mkono ukatulia, na kule Kitale gorogoro ikawa inagonga kidogo tu, kama mgeni mwenye adabu. Edah alirudi sokoni amenyooka. Alipima maharagwe bila kumwaga hata punje, na akaona wateja wanapita.

"Mama Nangila," Phelista alisema, "siku hizi gorogoro yako imekonda."

"Ni ile ile."

"Ni ile ile, lakini mkono si ule. Ule wa kwanza ulikuwa unatingisha, maharagwe inashikana huko chini, mtu anaongezewa juu. Ulikuwa hujui? Soko yote ilijua. Tulikuwa tunaelekezana, 'Nenda kwa ule mama wa kutetemeka.'"

"Tangu lini?"

"Tangu Nangila akiwa shule."

"Na hakuna mtu aliniambia niende hospitali."

Phelista alifikiria hilo kwa haki kabisa.

"Tungekwambia, bana. Lakini si ungepona?"

Edah alicheka, kwa sababu Phelista hakuwa amesema kwa ubaya, na kwa sababu mtoto wake alikuwa anamimina chai bila kumwaga. Siku hiyo alirudi na gunia karibu lote, na alilala vizuri.

Soko lililofuata, laini ya wateja ilikuwa imehamia ng'ambo, kwa Chelagat, mama kijana anayeshuka na mahindi kutoka mlimani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza, kidogo tu, juu ya mkebe. Mahindi yalishuka vizuri. Phelista alijipangusa makombo ya mandazi, akachukua mfuko, akaenda kusimama nyuma ya wengine.

Edah alivuka, akapita mbele ya laini, akamwambia Chelagat aende hospitali.

"Ni baridi ya mlima tu, mama," Chelagat alijibu. "Na si unaona vile nauza?"

"Mama, usituharibie," mtu alisema huko nyuma, na laini ikasogea.

Kwa hivyo mambo ya kuepuka ni haya:

Usimeze dawa ya kutetemeka pamoja na maharagwe. Muulize daktari saa ya kula.

Usiache dawa ati kwa sababu mkono umetulia.

Mtu akitetemeka, usiseme ni pombe. Usiseme amerogwa.

Usiseme "sawa daktari" kama hujaelewa.

Usiweke vikombe karibu na dirisha la mtu anayekupokelea mtetemo.

Usisimame kwa laini ya Chelagat na umenyamaza.