Itoka Lililochelewa Siku Tatu

Kabla hakujapambazuka Wangechi alisikia kitu kikikwaruza mlango kwa chini, polepole, kama mtu anayepangusa tope viatuni. Akadhani ni paka. Alipowasha koroboi na kufungua, alikuta ua la itoka limesimama kizingitini, mizizi imejaa udongo wa mashamba ya watu.

Alilitambua. Lilikuwa moja ya yale maua matatu ambayo baba mkwe wake alipanda mpakani alipowagawia wanawe shamba kule Mweiga: Ngatia upande wa juu, Wahome upande wa chini. Itoka halipandwi kwa urembo. Likishapandwa mbele ya wazee, maneno ya mpaka yamekwisha. Lakini mumewe Ngatia alipofariki, shemeji Wahome aliyang'oa yote matatu, akayatupa asikosema, akapanda viazi hadi karibu na choo cha Wangechi. Kipande alichomeza ndicho kilichokuwa na nepia, majani ya kulisha ng'ombe. Bila nepia ng'ombe angeuzwa, na Watiri, binti yake wa miaka minne, alikuwa anakua kwa maziwa ya ng'ombe huyo.

"Umechelewa," Wangechi akaliambia.

Itoka lilisema kwamba wenzake wawili walikauka njiani. Lenyewe lilikuwa limetembea siku kumi na tisa, maana itoka halivuki mpaka wa mtu bila kuomba ruhusa kwa itoka la pale, na siku hizi mashamba yamekatwakatwa mno. Mengine pia yalikuwa na maneno mengi.

Wangechi alilimwagia maji. Alikuwa mwaka wa pili katika gumbaru, yale masomo ya jioni ya watu wazima, na barua ya korti kuhusu kesi aliyomfungulia Wahome aliisoma mwenyewe. Ilisema taarifa za mashahidi zifike siku kumi na nne kabla ya kesi. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Hii ilikuwa Jumatatu. Hata hivyo aliamini kwamba mtu akielezwa jambo vizuri huelewa. Akalitia itoka kiondoni, akamshika Watiri mkono, wakaenda Nyeri.

Karani wa korti, Peterson, aliliketisha itoka kwenye benchi, akachukua kalamu. Alikwisha kuandika taarifa ya mti mmoja wa Kianyaga na ya kisima fulani, kwa hiyo hakuona kazi mpya. Itoka lilisema kwa Kikuyu, yeye akaandika kwa Kiswahili: nani alilipanda, mwaka gani, mbele ya wazee gani, na mkono wa nani uliling'oa. Alipomaliza kulisomea, itoka lilichovya mzizi kwenye wino, likaubandika mahali pa dole gumba.

Peterson akainua muhuri, akatazama kalenda ukutani, akauweka chini.

"Mama Watiri, hii imechelewa."

"Siku tatu tu. Na mbili mlikuwa mmefunga."

"Ungeleta Ijumaa, hata kama nimeshavaa koti, ningepiga muhuri."

"Ijumaa lilikuwa bado linaomba ruhusa kwa shamba za watu."

"Ati ruhusa. Si ungeenda kulichukua na hicho kiondo?"

Angelichukua wapi? Mahali lilipotupwa alipajua Wahome peke yake.

Siku ya kesi wakili wa Wahome alisema hana ugomvi na ua kutoa ushahidi. Kila mtu anajua itoka halisemi uongo. Ugomvi wake ni tarehe. Mkifungulia mlango siku tatu, alisema, kesho mtu atakuja na miaka mitatu.

Wangechi alisimama. Maneno yake alikuwa ameyafanyia mazoezi kwenye daftari la gumbaru, siku tatu usiku.

"Mheshimiwa, aliyeling'oa ndiye aliyelichelewesha. Sasa huko kuchelewa kumsaidie yeye?"

Hakimu alivua miwani. Alifikiri kwa muda, kwa haki kabisa, akasema hilo ni swali zuri, na akaagiza liandikwe kwenye jalada. Kisha akavaa miwani, akasema taarifa haipokelewi. Na kwa kuwa wazee wale wamekwisha kufariki na mlalamikaji hana shahidi mwingine, mpaka utabaki pale viazi vinapoishia. Itoka lilikuwa limekaa kwenye benchi la mbele, hatua nne kutoka kwake.

Walifika nyumbani jua likiwa bado lipo. Itoka lilishuka kiondoni, likakata katikati ya viazi bila kuomba ruhusa kwa yeyote, likasimama mahali pake pa zamani na kuzamisha mizizi. Asubuhi Wahome alipalilia akalizunguka kwa uangalifu, asilijeruhi. Akapalilia upande huu, akapalilia na upande ule.

Jumamosi mnunuzi alikuja na kamba. Wangechi alimfungua ng'ombe mwenyewe, akampapasa shingo, akamkabidhi. Aliporudi uani alimkuta Watiri amesimama ukingoni mwa viazi, anamtazama Wahome aliyeinamia jembe.

"Baba mdogo, unalima kwetu," Watiri akasema.