Kopa Kwenye Maji ya Askofu

Mimi nimepiga dawa kahawa miaka ishirini na saba, kwa hivyo sitaki mtu aje kuniambia eti sijui dawa. Nazijua. Nilibeba pampu mgongoni kwenye mashamba ya hapa Ruiru tangu nikiwa kijana mwembamba kutoka Alego mpaka magoti yalipokataa, na hakuna mti hata mmoja niliouchoma kwa dawa. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wa ploti hii wananong'ona nikipita. Wanong'one tu, lakini wasiseme nilikuwa sijui ninachoshika.

Jina langu ni Dalmas Ouma. Mke wangu ni Emmaculate, ila mimi humwita Nyar Gem, yaani binti wa Gem, kwa sababu ndiko nilikomtoa. Kiharusi kilimpata mwaka juzi akiwa kwenye foleni ya maji, mtungi mkononi. Kilikula mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Aliletwa nyumbani akiwa anatazama dari tu, na ukimwita hageuki. Daktari wa mazoezi alituambia jambo moja ambalo sijalisahau. Mtafutieni kitu cha kutazama, alisema, kwa sababu siku atakayoacha kutazama, hata kula ataacha.

Binti yetu Aketch alikuwa akiuza samaki wa mapambo kwenye duka fulani Thika. Alileta tangi la kioo la lita mia, akaliweka mezani kando ya kitanda cha mama yake, akamwaga changarawe nyeusi chini, akapanda mimea ya kweli yenye mizizi, sio ile ya plastiki. Juu akafunga taa. Ndani akatia samaki wadogo kumi na wawili wenye mstari wa buluu, konokono kadhaa, na samaki mmoja mkubwa, bapa, mweupe mwenye mabaka meusi na mapezi marefu. Huyo mkubwa alitembea polepole, akienda huku na huku kama anabariki waumini. Nikamwita Askofu, na Aketch alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya tisa Nyar Gem aligeuza macho. Alimfuata Askofu kutoka pembe moja ya kioo hadi nyingine. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuinua kidole cha mkono wa kushoto, na asubuhi moja, nikimlisha uji, alimwonyesha Askofu kwa kile kidole na kusema, "Huyo." Neno moja baada ya miezi saba. Nililia, wala sioni haya kusema. Tangu hapo ndiyo ilikuwa desturi yetu kila asubuhi. Askofu akipita, kidole kinapanda, "Huyo," ndipo anafungua mdomo nimpe uji.

Aketch akapata kazi za nyumbani huko nchi za Ghuba. Kabla ya kuondoka alinikalisha kitako kama mtoto wa darasa la pili.

"Baba, taa masaa sita tu kwa siku. Chakula mara moja, kidogo, kile wanamaliza kwa dakika mbili. Kila wiki toa robo ya maji uweke mengine. Ukizidisha taa na chakula, hao samaki hawanenepi, unalisha mwani." Mwani ndio ule ukijani unaoshika mawe ya mtoni. "Na usiweke dawa yoyote bila kuniuliza. Hiyo si kahawa."

Nilikubali. Mimi hukubali ili mtu anyamaze.

Shida ya kwanza ilikuwa taa. Zamani dirisha letu liliangalia uwanja, lakini mwenye ploti ya nyuma alijenga ghorofa, na siku hizi ukinyoosha mkono dirishani unagusa ukuta wake. Saa nne asubuhi chumbani kwetu ni giza. Taa ya tangi ndiyo ilikuwa mchana wetu. Nilipoizima baada ya masaa sita, Nyar Gem alianza kulia, si kwa nguvu, kasauti kembamba kasikokwisha, mpaka nikaiwasha. Wewe ungefanya nini? Nikawa naiwasha alfajiri, naizima akishalala.

Tena chakula. Samaki wakila, ule upande wa mdomo wake usiopooza ulikuwa unatabasamu, kwa hivyo nilikuwa nawapa mara tano kwa siku. Na maji, hapa kwetu mfereji unafunguliwa mara mbili kwa wiki, na hayo machache ni ya kupika na kumwosha yeye. Nikasema samaki tayari wako ndani ya maji, wanataka mengine ya nini.

Mwani ulianza kama vidoadoa kwenye kioo. Nikaukwangua na kadi yangu ya zamani ya kazi. Ukarudi kama nywele za kijani kwenye majani ya mimea, nikawa nazivuta kwa mswaki kila siku. Mwishowe maji yenyewe yakageuka, yakawa kama sufuria ya mboga ya mrenda. Askofu akawa kivuli, halafu hata kivuli hakipo. Asubuhi hiyo Nyar Gem alingoja na kidole kikiwa tayari, akangoja, na uji ukapoa. Alikula vijiko vitatu tu.

Mwajiri wa Aketch alikuwa akimpa simu Ijumaa tu. Kila Ijumaa alikuwa akisema niiweke kwenye sikio la mama yake, amuulize, "Mama, Askofu yuko wapi?" Naye Nyar Gem alikuwa akijibu, "Huyo," na Aketch akicheka huko aliko. Ijumaa hiyo aliuliza, na hakukuwa na jibu. Nikamweleza hali ya maji.

"Baba, uliwasha taa siku nzima?"

"Niliwasha."

"Basi funika tangi na blanketi, siku nne. Usichungulie, usiwape chakula. Mwani ukikosa mwanga unakufa, na mimea itavumilia."

"Na mama yako atatazama nini siku nne?"

"Ni siku nne tu, Baba."

"Ni rahisi wewe kusema. Huko kwako kuna jua."

Nilijua nimemuumiza, na sikumwomba msamaha.

Jumamosi nikafunika. Siku nzima alilia kile kilio chake chembamba. Jumapili alitazama blanketi, kisha akarudi kutazama dari, kama zile siku za kwanza alipotoka hospitali. Jioni alifunga mdomo. Jumatatu asubuhi alifunga mdomo tena, uji ukamwagikia shingoni, na mimi nikiwa na kile kikombe nikaogopa vile sijawahi kuogopa maishani. Nikavuta blanketi. Maji yalikuwa yamepungua ukijani kidogo tu. Zilibaki siku mbili, najua hesabu, lakini sikuwa na hizo siku.

Chini ya kitanda nilikuwa na mkebe wa kopa, uliobaki tangu nistaafu. Kopa ni ule unga wa buluu tunaopigia kahawa kuvu isiingie. Shambani kulikuwa na birika kubwa la maji, na likishika ukijani tulikuwa tunatia kopa kidogo, na kwa siku mbili ukijani unakwisha. Nimeona kwa macho yangu. Kwa hivyo usidhani niliokota wazo njiani.

Nilichota kwa ncha ya kisu, nikakoroga ndani ya kikombe cha maji, nikasimama mahali ananiona. "Tazama, Nyar Gem. Hii sasa ni kazi yangu." Nikamimina polepole. Alinitazama mpaka nilipomaliza.

Jumanne konokono wote walikuwa wameanguka chini, wamekufa. Niliwaokota nikawatupa. Nikasema afadhali, kwani walikuwa wanafanya kazi gani.

Jumatano maji yalitakata. Askofu alitoka nyuma ya mimea na mapezi yake yote, akapita mbele ya kioo, na kidole kikapanda.

"Huyo."

Alimaliza kikombe kizima cha uji, akataka kingine. Nilimwita Ngendo, jirani wa mlango wa tatu, anayeuza mboga pale getini na ambaye humchungulia mke wangu nikitoka. Alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye leso.

"Aki Baba Aketch, wewe ni daktari na unatuficha," alisema.

Siku hiyo nilikuwa na furaha kama mtu aliyelipwa. Ningeachia hapo. Nimejiambia hivyo mara nyingi kuliko ninavyosali.

Lakini kwenye kahawa hakuna dawa ya mara moja. Ya kwanza unaangusha ugonjwa, ya pili unaumaliza, na ya pili hupigwa kwa kipimo kamili kabla ugonjwa haujapata nguvu. Mtu aliyeacha kurudia alifukuzwa kazi, na alistahili. Hiyo iko mikononi mwangu, siifikirii, kama vile usivyofikiria kunawa uso. Alhamisi asubuhi, nikijitayarisha kwenda Thika kuchukua dawa za presha za Nyar Gem, niliona nywele mbili tatu za kijani zimebaki kwenye jani moja. Nikatoa mkebe. Kipimo chetu shambani ni kifuniko cha soda kilichojaa, kifuniko kimoja kwa pampu moja. Pampu ni lita ishirini, na tangi ni lita mia. Nikaweka kifuniko kimoja peke yake, nikaona hata nimekuwa mpole.

Maneno ya Aketch niliyakumbuka. Hiyo si kahawa. Niliyakumbuka nikiwa nakoroga, na nikaendelea kukoroga. Nyar Gem alikuwa ananitazama.

Nikamwachia kijiko mkononi, maana anapenda kukishika, nikamwambia Ngendo amwangalie, nikaondoka. Nilisema ningerudi saa sita. Huko Thika mtu wa dawa alikuwa hajafika, na tuliketi kwenye benchi wagonjwa na watu wa wagonjwa mpaka saa saba. Nilifika kwangu saa tisa.

Ngendo alikuwa mlangoni, leso imemtoka kichwani.

"Baba Aketch, mimi nilidhani ana njaa," alisema.

Nikamuuliza njaa gani.

Alinieleza hapo hapo mlangoni. Kuanzia saa tano alisikia Nyar Gem akigonga chuma cha kitanda na kile kijiko. Akaja na uji, Nyar Gem akautema, akaendelea kugonga. Ngendo akambadilisha nguo, bado akagonga. Ndipo akafikiri pengine amelala vibaya, haoni vizuri, akamgeuza ubavu, akamwekea mito mgongoni ili atazame samaki wake kwa karibu. Akarudi getini kuuza mboga. Kugonga kuliendelea muda mrefu, wateja hata wakauliza. Kulipokoma ndipo alipokuja kuona.

Niliingia. Maji yalikuwa safi, sijawahi kuona maji safi namna ile, ungehesabu changarawe moja moja. Wale wadogo kumi na wawili walikuwa wanaelea juu, matumbo yakiangalia taa. Askofu alikuwa amelala ubavu chini, karibu kabisa na kioo, usawa wa macho ya mke wangu. Mdomo wake ulikuwa bado unafunguka na kufungika. Nilitia mikono yote miwili nikamtoa, nikamweka kwenye ndoo ya maji ya kuoga. Nikamsogeza huku na huku ndani ya maji ili apate pumzi. Alikufa humo, mikononi mwangu, na Ngendo amesimama nyuma yangu.

"Na vile maji ni safi hivi," Ngendo alisema. Yeye hakujua habari ya kopa. "Sasa ni nani amewaua?"

Hakuwa anamuuliza mtu. Lakini kitandani kulitoka sauti, na tukageuka wote wawili. Mkono wa kushoto wa Nyar Gem ulikuwa umeacha kijiko. Kidole kilipanda polepole, kikapita tangi, kikapita ndoo, kikasimama kwangu.

"Huyo," alisema.

Sijawahi kumsikia akilitamka vizuri namna ile. Ngendo alinitazama, akatazama mkebe wa buluu niliokuwa nimeuacha juu ya meza, akatoka bila kuaga. Nyar Gem alishusha kidole, akapeleka macho darini.

Usiku hakula, asubuhi hakula. Sikuizima taa wala sikumwaga yale maji. Majani ya mimea yalikuwa yameanza kulainika na kuachana na mizizi.

Ilikuwa Ijumaa. Simu ililia saa ile ile ya siku zote.

"Baba, yale maji?"

"Yametakata."

"Si nilikwambia blanketi." Alikuwa na furaha, nilisikia. "Hebu niwekee Mama."

Niliiweka kwenye sikio lake na nikapiga magoti kando ya kitanda. Sauti ya Aketch ilitoka ndogo, kutoka mbali. "Mama, Askofu yuko wapi?"

Nilikitazama kile kidole. Nilimwomba Mungu kiinuke, hata kama kitakuja kwangu tena, hata kama atanionyesha mimi kila asubuhi hadi siku ya kufa kwangu. Kilibaki juu ya blanketi. Aketch akauliza mara ya pili, halafu akangoja.

"Baba, kwani amelala?"

Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama dari.

"Amelala," nikasema.